Kasi ya mtoto ikishuka kwenye kona, tazama mguu kabla ya saa

Baba aliingia chumba cha daktari na daftari mkononi. Mwanawe wa miaka 15 alimfuata nyuma akichechemea kidogo, akanipa shikamoo, akakaa. Kabla sijauliza kilichowaleta, daftari lilikuwa limeshafunguliwa juu ya meza yangu.

"Daktari, kona za kulia za huyu kijana zimekufa," baba alianza. "Za kushoto ziko palepale. Za kulia zinashuka kila wiki. Anakula vizuri, analala vizuri. Naomba umpime damu, labda imepungua."

Kijana huyo anafanya mazoezi ya mbio za ubao wa tanga, mchezo ambao wengi wanauita windisafingi. Baba yake hupima kila kona anayokata baharini na kuiandika. Kurasa za daftari zilikuwa safi, zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, upepo, ukubwa wa tanga, kasi ya kuingia kwenye kona, kasi ya chini kabisa, kasi ya kutoka. Nimeona wagonjwa wa presha wenye kumbukumbu mbovu kuliko hizo.

Nimebadilisha mambo kadhaa ili kijana asitambulike, na wazazi wake wameridhia niandike. Nimeomba ruhusa hiyo kwa sababu daftari lile lilikuwa na jibu la ugonjwa wake tangu mwanzo. Lilikuwa limeandikwa vizuri. Lilisomwa vibaya.

Hata kama mwanao hajawahi kukanyaga ubao wa tanga, makala haya yanakuhusu. Siku hizi mtoto wa mpira, wa riadha na wa kuogelea naye anavaa saa inayohesabu kasi, na jioni mzazi anazisoma namba hizo kwenye simu kabla hajamuuliza mtoto siku ilikwendaje.

Kona ndiyo inayoamua mbio

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Mchezaji husimama juu ya ubao wenye mlingoti mmoja na tanga moja. Mlingoti umeungwa kwenye ubao kwa kiungo kinachopinda kila upande, kwa hiyo hakuna usukani. Mchezaji huongoza kwa miguu na kwa namna anavyolilaza tanga. Miguu huingizwa kwenye vikanda vilivyofungwa juu ya ubao ili asirushwe, na kiunoni huvaa mkanda wenye ndoano unaomsaidia kuvuta tanga bila kuchosha mikono.

Katika mbio za slalomu, wachezaji, mara nyingi wanane kwa mpigo, huondoka pamoja na kuzunguka maboya yaliyopangwa baharini. Katikati ya boya na boya wanakimbia upepo ukiwapiga ubavuni ukitokea nyuma kidogo, ambako ubao huenda kasi zaidi. Wakifika kwenye boya wanageuka kwa kuupa upepo mgongo, tanga linahamia upande wa pili, na safari ya boya linalofuata inaanza. Mabaharia wetu wa ngalawa na majahazi wanaijua hatari ya kugeuka huku upepo uko nyuma: tanga likihama bila mpangilio, mtu anakwenda majini.

Kwenda kasi moja kwa moja na kugeuka ukiwa na kasi ni kazi mbili tofauti. Mwaka 2015, Mfaransa Antoine Albeau alifikia wastani wa noti 53.27, yaani karibu kilomita 99 kwa saa, katika mita 500 za mfereji uliochimbwa kwa ajili ya mbio za kasi huko Lüderitz, Namibia. Mfereji ule ulinyooka na maji yake yalikuwa yametulia. Kwenye slalomu hakuna anasa hiyo. Kuna mawimbi, kuna wenzako wanaokusogelea, na kuna boya ambalo lazima ulizunguke.

Tufanye hesabu ndogo. Wachezaji wawili wana kasi sawa kwenye mstari. Kwenye kona, mmoja anakwenda kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa katika sekunde tano za kugeuka, mwenzake kilomita 20. Tofauti ya kilomita 10 kwa saa kwa sekunde tano ni karibu mita 14. Kwenye maboya manne zinakuwa mita 55 hivi. Ndiyo maana makocha wanahangaika na kona, na ndiyo maana baba yule alinunua daftari.

Kasi ya kona inapimwaje?

Kipimo kinachotumika zaidi ni kifaa cha GPS, ama saa ya mkononi ama kisanduku kidogo kisichoingia maji. Vifaa vizuri havikadirii kasi kwa kulinganisha ulipo sasa na ulipokuwa sekunde iliyopita. Vinasoma jinsi mawimbi ya redio yanayotoka kwenye setilaiti yanavyobadilika kifaa kinaposogea. Ni kanuni ileile ya Doppler tunayoitumia hospitalini kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni na kupima mwendo wa damu kwenye mishipa.

Wapenzi wa mchezo huu wana kipimo kinachoitwa Alpha 500. Mchezaji anakwenda, anakata kona, anarudi. Umbali wote hauzidi mita 500, na mahali anapomalizia lazima pawe ndani ya mita 50 kutoka alipoanzia. Kinachohesabiwa ni wastani wa kasi ya safari nzima. Uzuri wake ni kwamba hauwezi kudanganya kwa kona pana kama uwanja wa mpira, kwa sababu hutarudi ndani ya zile mita 50. Na hauwezi kudanganya kwa kona nyembamba ya kusimamasimama, kwa sababu wastani utaanguka.

Kwa kijana anayejifunza slalomu, makocha wengi huangalia mambo manne: kasi aliyoingia nayo, kasi ya chini kabisa katikati ya kona, kasi aliyofikia sekunde chache baada ya kona, na upana wa kona yenyewe. Namba moja peke yake haitoshi. Kijana anayeingia na kilomita 48 kwa saa na kushuka hadi 26 amebakiwa na zaidi kidogo ya nusu ya kasi yake. Anayeingia na 38 na kushuka hadi 26 amepoteza karibu theluthi. Kasi ya chini ni ileile, lakini kona ni mbili tofauti. Wa kwanza pengine anaingia na kasi asiyoweza kuimudu bado. Wa pili pengine anaogopa mwanzoni lakini mwili wake unaijua kazi.

Video ya simu kutoka ufukweni, ikichezeshwa taratibu, hukamilisha kipimo. Namba zinaonyesha mahali kasi ilipopotea. Picha inaonyesha kwa nini: magoti yalinyooka, kichwa kiliinama kutazama miguu, au mkono wa nyuma uliachia tanga mapema.

Vipimo vinavyodanganya

Kila mgonjwa wa presha anajua kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Tunakuambia ukae utulie, upimwe zaidi ya mara moja, na siku nyingine urudi. Ukipimwa umetoka kupanda ngazi, namba itapanda bila ugonjwa. Kona za ubao wa tanga ni hivyohivyo, na makosa yanayojirudia ni haya.

Kosa la kwanza ni kifaa kinachosoma mara moja tu kwa sekunde. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, ubao unapita karibu mita 14 kila sekunde, na kona nzuri ni ya sekunde chache tu. Kifaa hicho kitapata namba nne au tano za kona nzima, na ile kasi ya chini kabisa inaweza kupita katikati ya namba mbili isionekane. Kifaa kinachosoma mara kumi kwa sekunde kinaona kila mita moja na nusu hivi.

Kosa la pili ni saa kuvaliwa kwenye kiganja. Katikati ya kona mkono unaachia tanga, unazunguka, unashika upande wa pili. Saa inapima mwendo wa mkono, si wa ubao. Ni bora kifaa kifungwe juu ya mkono karibu na bega, au mgongoni.

Kosa la tatu ni kulinganisha siku zisizolingana. Kusi ikivuma imara asubuhi na upepo ukilegea mchana, hizo ni bahari mbili. Linganisha kona za siku moja, tanga moja, maji ya aina moja, na uchukue wastani wa kona kadhaa badala ya ile moja bora ya kujivunia au ile moja mbaya ya kugombeza.

Kosa la nne ni kumlinganisha mtoto na mwenzake. Mwenye mwili mkubwa anaweza kubeba tanga kubwa na kwenda kasi zaidi upepo ukiwa mkali. Watoto wawili wa miaka 14 wanaweza kupishana kilo 20, mmoja amebalehe na mwingine bado. Nimewahi kuulizwa na mzazi chakula gani kitamwongezea mtoto uzito haraka ili "ashike upepo". Jibu langu ni lilelile: mtoto halishwi kwa ajili ya tanga. Alishwe kwa ajili ya kukua, na tanga lifuate mwili wake.

Kosa la tano, ambalo ndilo lililowaleta wale wawili kliniki, ni kuchanganya kona za kushoto na za kulia, au kuzitenganisha kisha usijiulize tofauti yake inatoka wapi. Baba yule alizitenganisha. Hapo alifanya kazi nzuri kuliko makocha wengi.

Mwili unafanya nini kwenye kona

Ili tumwelewe kijana wetu, tuifuate kona moja hatua kwa hatua. Mchezaji anaanza kuipanga mbali na boya: anaingia kwa upana ili atoke karibu na boya, asimwachie mwenzake nafasi ya kupita ndani. Anachomoa ndoano ya mkanda wa kiunoni. Anatoa mguu wa nyuma kwenye kikanda chake na kuuweka ukingoni mwa ubao, upande anaogeukia. Anakunja magoti, anaegemea ndani ya kona kama mwendesha pikipiki, anaubonyeza ukingo ule kwa sehemu ya mbele ya wayo. Mikono inavuta tanga lisipoteze upepo. Katikati ya kona anabadilisha miguu, anazungusha tanga, anashika upande wa pili na kuondoka.

Kwa hiyo, anapogeuka kulia, mguu wa kulia ndio unaobonyeza ukingo. Anapogeuka kushoto, ni wa kushoto. Wakati huohuo mguu mwingine, ule wa mbele, bado uko ndani ya kikanda chake.

Kazi hiyo yote inafanyika juu ya kitu kinachoruka kwenye mawimbi. Kifundo cha mguu, goti, nyonga na kiuno vinafanya kazi ya springi. Mgongo wa chini ukichoka, mchezaji ananyooka. Akinyooka, uzito unarudi nyuma, ubao unapoteza kasi na kuanza kudundadunda. Ndiyo maana maumivu ya kiuno ni malalamiko ya kawaida kwa watu wa mchezo huu, na ndiyo maana kona za mwisho wa mazoezi huwa mbaya kuliko za mwanzo.

Hatari kubwa ya miguu iko kwenye kile kikanda. Mchezaji akirushwa mbele na upepo huku mguu umebaki ndani, mwili unakwenda na mguu haufuati. Kifundo kinaweza kuteguka, goti linaweza kujipinda. Na kuna jeraha moja ambalo madaktari wa mifupa wanalifahamu kwa wapanda farasi waliokwama kwenye kikuku na kwa wachezaji wa ubao wa tanga: kuumia kwa kiungo cha katikati ya wayo. Linaitwa jeraha la Lisfranc, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Ufaransa wa karne ya 19. Pale katikati ya wayo, kano imara huushikilia mfupa mrefu unaokwenda kwenye kidole cha pili usiachane na upande wa kidole gumba. Kano hiyo ikikatika au kulegea, upinde wa wayo unapoteza nguzo yake.

Daftari lilisema nini

Nilimwomba kijana avue viatu. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba kidogo juu ya wayo. Nilipougeuza, chini ya wayo, pale kwenye upinde, kulikuwa na mabaki ya damu iliyovilia, rangi ya manjano na kijani inayofifia. Damu kuvilia chini ya wayo baada ya kuanguka si jambo la kupuuza. Nilibonyeza katikati ya wayo, akauma meno. Nilimwomba asimame kwa ncha ya mguu huo mmoja. Alijaribu, akashindwa.

"Ulianguka lini?" nilimuuliza.

Alimtazama baba yake kwanza. "Kama wiki tatu, daktari. Mguu ulibaki kwenye kikanda."

"Uliniambia ni kuchubuka tu," baba alisema.

"Mama alinichua, ikapungua," kijana alijibu. "Nilijua ukisikia hutaniacha niende kwenye mchujo."

Baba alinyamaza. Akavuta daftari, akarudisha kurasa nyuma kwa kidole mpaka kwenye Jumamosi moja. Nami niliona alichokuwa anakitazama. Juu ya tarehe hiyo, kona za kulia na za kushoto zilikuwa zinalingana. Chini yake, za kulia zilianza kushuka, za kushoto zikabaki. Daftari lilikuwa limeandika siku ya ajali. Mguu ulioumia ndio ule unaobonyeza ubao kwenye kona za kulia. Kijana hakuwa na woga wala upungufu wa damu. Alikuwa anabonyeza ubao kwa kiungo kilichoachana, na wiki iliyotangulia alikuwa amerudishwa baharini kurudia kona za kulia peke yake, mara thelathini, ili "zizoeleke".

Tulipiga picha ya eksirei akiwa amesimama, uzito ukiwa juu ya miguu yote miwili, tukailinganisha miguu. Hili ni muhimu, wazazi: picha ya wayo iliyopigwa mgonjwa amelala inaweza kuonekana safi kabisa katika jeraha hili, kwa sababu mifupa haiachani mpaka ibebe uzito. Kwenye mguu wake wa kulia pengo lilionekana. Nilimpeleka kwa daktari bingwa wa mifupa, akafanyiwa upasuaji wa kuikaza mifupa kwa skrubu, kisha wiki kadhaa za kutembea kwa magongo bila kuukanyaga mguu.

Jeraha hili likigundulika mapema na mifupa ikiwa haijaachana, mara nyingi hutibiwa kwa plasta na kutokanyaga kwa wiki sita au zaidi, bila kisu. Likiachwa, upinde wa wayo unaweza kulala na kiungo kikalika, na kijana akabaki na maumivu ya kutembea maisha yake yote. Siwezi kumwambia baba yule kwamba zile kona thelathini ndizo zilizoharibu. Wala siwezi kumwambia kwamba hazikuharibu. Hakuniuliza, na mimi sikulitaja.

Namna ya kuzisoma namba za mtoto

Simwambii mzazi yeyote atupe kifaa chake. Kipimo cha kasi ya kona ni kama kipimajoto. Kinakuonyesha kwamba kuna jambo, hakikuambii ni jambo gani. Mtoto akiwa na homa humgombezi kwa kuwa na joto la nyuzi 39. Unatafuta chanzo. Basi fanya hivyohivyo na namba za baharini.

Kwanza, andika pande zote mbili kando kando, na kila ukurasa uwe na nafasi moja ya ziada: "Leo nini kinauma?" Muulize mtoto kabla hujaitazama saa. Akijua kwamba namba inatazamwa kwanza, atajifunza kuilinda namba badala ya kuulinda mwili.

Pili, upande mmoja ukishuka kwa siku mbili au tatu za mazoezi wakati mwingine umebaki palepale, simamisha mazoezi ya kona na umkague mtoto. Mwambie asimame mguu mmoja, achuchumae, apande ncha ya kila mguu, ainue mikono juu, ageuze kiuno kushoto na kulia. Linganisha. Ufundi mbovu unaweza kuwa wa upande mmoja pia, maana karibu kila mtu ana upande anaoupenda. Lakini upande dhaifu wa kawaida huwa dhaifu tangu zamani. Ulioharibika ghafla una sababu.

Tatu, pande zote mbili zikishuka pamoja kuelekea mwisho wa mazoezi na upepo haujabadilika, huo ni uchovu. Mtoe majini. Mtoto aliyechoka ananyoosha magoti, anachelewa kutoa mguu kwenye kikanda, na hapo ndipo anaporushwa. Kumwambia "moja ya mwisho" ni kumwongezea hatari.

Nne, zikishuka taratibu kwa miezi kwa mtoto anayerefuka haraka, usihangaike. Wakati wa kubalehe miguu na mikono hurefuka kabla ubongo haujazoea urefu wake mpya. Ufundi hupungua kwa muda, kisha hurudi. Kipindi hicho ndicho sehemu za mifupa zinazokua zinapoumia kwa urahisi, kwa hiyo ni wakati wa kupunguza mazoezi ya nguvu, si kuyaongeza.

Tano, weka kikomo cha saa. Kanuni nyepesi tunayoitumia kwa wanamichezo watoto ni kwamba saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto, na kila wiki iwe na siku mbili za kupumzika. Mwenye miaka 12 asizidi saa 12. Asicheze mchezo huohuo mmoja mwaka mzima bila kupumzika.

Sita, fundisha kona polepole kabla ya kuipima. Hatua za miguu zifanyike kwanza nchi kavu, ubao ukiwa umelazwa mchangani. Kisha majini kwa upepo mdogo na tanga dogo. Vikanda visimbane: mguu uingie mpaka sehemu ya mbele ya wayo, usipite mpaka kifundoni, na utoke bila kuvutwa. Mtoto akishaweza kona kumi mfululizo bila kuanguka, hapo namba itakuwa na maana.

Na kila anapoingia majini avae koti la kuokolea na kofia ngumu, kwa sababu mlingoti ukimwangukia hauulizi umri. Anywe maji kabla na baada, ajipake mafuta ya kuzuia jua, na avae viatu vya maji kwa ajili ya urumba na matumbawe. Kidonda cha matumbawe kisafishwe vizuri, na uhakikishe chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Wahi hospitali ukiona haya

Mpeleke mtoto akaonwe siku hiyohiyo iwapo hawezi kukanyaga au kutembea hatua nne, ana damu iliyovilia chini ya wayo, wayo umevimba katikati baada ya mguu kukwama kwenye kikanda, goti limevimba ndani ya saa chache au linamwachia anapotembea, au bega limebadilika umbo.

Aliyegongwa kichwani kisha akapoteza fahamu hata kwa sekunde, anatapika, anasinzia isivyo kawaida au hakumbuki kilichotokea, apelekwe mara moja na asirudi majini mpaka daktari aruhusu. Aliyemeza maji mengi kisha akabaki anakohoa au kupumua kwa shida naye asisubiri kesho.

Usimchue mguu uliovimba baada ya kuanguka. Kuchua kunaweza kuongeza damu kuvuja ndani na kusogeza kilichovunjika. Mpumzishe, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji bila kubana, inua mguu, umlete. Maumivu ya mguu yanayozidi wiki moja baada ya kuanguka yanahitaji daktari, hata kama mtoto anasema "nimezoea".

Wiki iliyopita baba na mwana walirudi kliniki. Kijana ameweka magongo, anatembea kwa viatu vyenye soli ngumu, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo anamfundisha kupanda ncha ya mguu upya. Kurudi kwenye ubao bado ni safari ya miezi, na itategemea mguu utakavyosema. Baba alikuwa na daftari lilelile. Alilifungua akanionyesha ukurasa mpya: tarehe, dakika alizotembea, na safu ya kwanza kushoto, kabla ya namba zote, ina kichwa cha habari alichokiandika kwa mkono wake, "Inauma wapi leo?"

Siku hiyo jibu lilikuwa: "Haiumi. Inachoka tu."

Nilimwambia hilo nalo ni la kuandika.